Futi na Uzi Mwekundu wa Stoo

Siku ya kwanza Mjomba Stoo kumtia machoni yule mwanamke, aliiona futi kwanza, mtu akafuata. Dirisha la stoo ya karakana lilikuwa dogo, na aliyeketi ndani aliwaona walio nje vipande vipande: mkono unaodai nyundo, kwapa lililobana daftari, kidevu chenye ndevu mbili tatu za kujaribia. Asubuhi ile ilikuja blauzi ya buluu, na juu yake futi ya fundi cherehani, ile ya utepe laini, imening'inia shingoni kana kwamba mwenyewe ametoka kazini mbio akasahau kuivua.

"Shikamoo, Mjomba. Tuko wanne, tumefuata ovaroli."

"Marahaba," Mjomba Stoo akaiambia meza.

Alikuwa mtu wa haya. Alizaliwa nazo, akakua nazo, na alipomaliza darasa la saba nazo zikamaliza, tena zikafaulu kumshinda yeye. Kwa miaka kumi na tisa aliyokaa katika stoo ya chuo kile cha uhandisi alikuwa amejifunza kujibu kwa vitu. Ukimuuliza tupa iko wapi, anakupa tupa. Ukimuuliza habari za nyumbani, anakupa tupa vilevile.

Akaweka ovaroli nne dirishani. Mwenye futi akaivaa yake palepale juu ya nguo zake. Mikono ikapita vidole kwa shibiri nzima, miguu ikajikunja chini kama soksi za mzee, na uvungu wa suruali ukatua magotini.

"Mjomba," akasema, "hii ni ya mtu mmoja au ya kaya?"

Wenzake wakacheka. Yeye akavua futi shingoni, akajizungushia kifuani juu ya kile kitambaa kigumu. "Inchi hamsini na mbili. Huyu waliyemkusudia alikuwa mtu au kabati?"

Mjomba akamsogezea daftari atie saini. Mdomo wake ulicheza upande mmoja, na ni yeye peke yake aliyejua kwamba hicho kilikuwa kicheko. Tangu siku hiyo karakana nzima ilimwita yule mwanamke Futi, na yeye hakulalamika. Alisema ni bora kuliko majina aliyoitwa na wateja siku nguo zao zilipochelewa.

Ukweli ni kwamba Futi alikuwa fundi cherehani kwa miaka saba, kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi. Kushoto kwake kulikuwa na mabomba, kulia kwake pampu za maji, na kutwa nzima masikio yake yalikula mazungumzo ya mafundi. Cherehani yake ilipoharibika aliifungua mwenyewe. Halafu akafungua za majirani. Siku moja pampu ya mwenye duka ikagoma mbele ya mteja, Futi akaacha gauni la watu kwenye sindano, akaifungua pampu, akatoa kikokoto kilichonasa, ikanguruma. Mwenye duka akamwambia, "Wewe hapa barazani unapoteza muda." Maneno hayo yalimkaa. Akarudi shule ya jioni, akafanya mtihani na watoto waliomwita shangazi, akapata nafasi kupitia mpango wa chuo wa kuwavuta wanawake kwenye sayansi na uhandisi. Alikuwa na miaka ishirini na minane, na binti wa miaka saba aliyebaki kwa bibi yake. Huyo bibi, yaani mama yake Futi, aliaga kwa sentensi moja: "Nenda, mtoto nitamlea, wewe nilikulea na bado uko hai."

Mpango huo ulikuwa na msimamizi wake, injinia wa zamani wa mabomba ya maji, mwanamke mfupi mwenye hatua ndefu, aliyeitwa Mama Mratibu. Ofisi yake ilikuwa chumba kilichowahi kuwekwa viti vibovu, na mlangoni alikuwa amebandika karatasi: INGIA KABLA HUJAACHA. Wengi waliingia. Mmoja ameshindwa hesabu, mwingine kaambiwa na baba yake arudi nyumbani akaolewe, mwingine hana neno, anataka tu kukaa mahali ambapo si yeye peke yake mwenye sketi. Wanawake wote wa uhandisi chuoni walikuwa kumi na wanne, katikati ya wanaume mia tatu ushei. Ukiwatafuta ukumbini ilikuwa kama kutafuta kunde kwenye gunia la mchele.

Tatizo la kwanza la Futi lilikuwa mikono, na si mikono yake bali ya ovaroli. Mwalimu wa karakana alikuwa mwanamume mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na kwa kuwa kila alichosema alikianza kwa namna moja, wanafunzi walimwita Mwalimu Kanuni.

"Kanuni ni kanuni," alisema. "Mkono unaoning'inia haukaribii mashine inayozunguka. Mashine haijui kuomba radhi."

Na kwa hilo alikuwa na haki. Mashine ya kukereza vyuma ikishika kitambaa haikiachi mpaka imefika begani. Basi wanaume wakakereza, na wanawake wakasimama nyuma ya mstari wa njano uliochorwa sakafuni, wakiandika kwenye madaftari kile ambacho wenzao wanafanya. Kwa wiki tatu walijifunza kukereza kama mtu anavyojifunza kuogelea kwa kusimama ukingoni akiwahesabu waogeleaji.

Wiki ya nne Futi alikuja dirishani na kitu kizito kichwani, kimefunikwa shuka.

"Mjomba, nifichie mgeni wangu."

Mjomba akafunua shuka. Ilikuwa cherehani ya mkono, nyeusi, imechubuka rangi kwenye mpini. Aliiangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa wa hospitali nyingine, kisha akaipa nafasi kwenye rafu kati ya keekee ya kutobolea na mashine ya kunolea. Kesho yake Futi alipokuja kuichukua alikuta ukutani, nyuma yake, imechorwa umbo la cherehani kwa rangi nyeusi, na pembeni msumari mpya.

Maana stoo ile ilikuwa na utaratibu wake. Kila chombo kilikuwa na mahali pake ukutani na umbo lake limechorwa nyuma, hivi kwamba nyundo ikitoka kivuli chake kinabaki kikiisubiri. Kila mwanafunzi alikuwa na vibati vitano vya shaba vyenye namba yake. Ukichukua spana, kibati chako kinaning'inia mahali pake. Ukirudisha, unapewa kibati chako. Ukuta ulijieleza wenyewe. Na kwa kuwa vitu vingine vina siri ambazo ukuta hauwezi kuzieleza, Mjomba alivifunga nyuzi: wa kijani kwa chombo kipya, mweupe kwa kilichotiwa mafuta wiki hiyo, na mwekundu kwa kibovu, ambacho hakitoki stoo hata mkuu wa chuo aje kwa magoti. Maana ya nyuzi hizo ilijulikana na mtu mmoja tu duniani. Hakuificha. Hakuna aliyeuliza, na yeye hakuwa mtu wa kuanzisha habari.

Kwa siku nane, saa ya chakula cha mchana, Futi alipunguza ovaroli kumi na nne. Alibana mikono kwenye kifundo, akapandisha uvungu mahali ulipoumbiwa kukaa, akatia lastiki kiunoni. Mjomba alikula mkate wake nyuma ya dirisha akisikiliza ile cherehani ikitafuna kitambaa. Siku ya tisa wanawake wote wakajipanga kwenye mstari wa njano. Mwalimu Kanuni akapita akiingiza vidole viwili kwenye kila kifundo cha mkono, akitafuta palipolegea, asipapate.

"Nani kazipunguza?"

"Fundi, Mwalimu," Futi akajibu.

"Fundi gani?"

"Fundi wa ovaroli."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kanuni haijasema apunguze nani," akasema, na akasogea pembeni. Wakavuka mstari.

Kuanzia hapo Mama Mratibu hakushikika. Aliandika barua, akafuatilia barua, akakaa nje ya ofisi za watu mpaka wakaona aibu, na mwisho karakana ikatengwa kila Jumatano alasiri kwa wanawake peke yao, wafanye mazoezi bila kusukumwa wala kuonyeshwa na mtu ambaye hajaombwa. Choo cha wanawake kilikuwa jengo la tatu, ng'ambo ya uwanja. Akapigania wapewe ufunguo wa choo cha wafanyakazi. Mjomba akautundika kwenye msumari wake, kwa masharti yaleyale ya kila kitu.

"Mjomba," Futi akauliza akimpa kibati, "yaani hata choo tunaazima?"

"Urudishe," akasema Mjomba. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake lisilo marahaba, na wasichana walilizungumza wiki nzima.

Jumatano alasiri ilikuwa mapumziko ya Mjomba tangu aajiriwe. Mama Mratibu alipokuja kumwomba aiache, alikuwa ameandaa hoja nne. Mjomba akatikisa kichwa kukubali kabla hajamaliza ya kwanza, na yule mama akabaki na hoja tatu mkononi asijue azipeleke wapi. Mkewe nyumbani ndiye aliyeona mabadiliko. Siku hizi mume wake alirudi na habari. Leo fulani kakereza bushi yake ya kwanza, ile pete ya chuma, ikatoka kama yai. Leo yule mdogo kuliko wote, aliyekuwa analia kwa sababu ya hesabu za mihimili, Futi kamwambia, "Hesabu ni kitambaa, mdogo wangu, ukikiogopa unakikata vibaya. Kitandaze kwanza."

"Miaka yote nimeolewa na bubu," mkewe akasema, "kumbe maneno ulikuwa umeyaweka stoo."

Kwenye mashine Futi alikuwa na mkono wa ajabu, mzito wa upole. Miaka saba ya kusukuma kitambaa chini ya sindano bila kukivuta ilikuwa imemfundisha kwenda na kitu kwa mwendo wake. Alikosea alipokuwa na haraka, kama watu wote, lakini akitulia, chuma kilimwagika kutoka kwenye kisu kwa uzi mmoja mrefu wa kumetameta. Na alikuwa na tabia moja ya kazi yake ya zamani ambayo hakuweza kuiacha: mkasi mdogo mfukoni. Akiona uzi umechomoza popote, kwenye kola ya mwalimu, kwenye pazia la maktaba, kwenye begi la mtu asiyemjua, mkasi unatoka, kacha, uzi haupo. Hakuutupa. Aliuzungushia kwenye kijiti cha kiberiti na kukiweka mfukoni, kwa kuwa fundi cherehani hatupi uzi.

Mwaka wa tatu ikaja nafasi. Kiwanda kikubwa cha pampu, ambacho miaka yote kilichukua wanaume tu kwa mafunzo ya kazini, kilikuwa kimegandwa na Mama Mratibu kwa miezi kumi na mmoja, na hatimaye kikakubali mwanamke mmoja. Aliyemaliza mafunzo pale vizuri, kazi ilimsubiri. Jina lililopelekwa lilikuwa la Futi. Lakini bwana wa kiwanda, mkuu wa mafundi wao, alisema karatasi za matokeo hazikerezi vyuma. Angekuja Alhamisi mwenyewe, ampe kipande cha chuma na beringi mpya, naye akereze shafti, yaani mhimili wa duara, ya milimita thelathini iingie kwenye ile beringi kwa kusukumwa na kiganja, isicheze, isikatae. Ikiingia, Jumatatu aripoti kiwandani. Isipoingia, nafasi inarudi kwao, na mambo ya wanawake watayazungumza mwaka mwingine.

"Mwaka mwingine ndio ule usiokuja," Mama Mratibu akamwambia Futi. "Kwa hiyo usiniletee mwaka mwingine."

"Mama, mimi nina binti anayehesabu siku kwa kuchora kuku ukutani kwa bibi yake. Ukuta umejaa. Sina pa kuupeleka mwaka mwingine."

Jumanne ya wiki hiyo Mjomba alilazimika kumpeleka mama yake kufanyiwa upasuaji wa macho, siku mbili za kwenda na kurudi. Funguo za stoo hakuwahi kumwachia mtu. Safari hii alimpa Futi, ili Jumatano ya wanawake isife. Alisimama na zile funguo akitaka kumweleza jambo la nyuzi. Maneno yalikuja mpaka kooni, yakaona watu wengi dirishani, yakarudi. Akajiambia: ukuta utajieleza.

Futi alizipokea zile funguo kwa mikono miwili. Na kwa furaha ya kuaminiwa, akafanya usafi. Jumatano alasiri yeye na wenzake walipangusa rafu zote, wakapanga visanduku vya vipimo kwa ukubwa, wakapaka mafuta palipoota kutu. Na kila mahali nyuzi zilikuwa zinachomoza, kwenye mipini, kwenye vifuniko, za kijani, nyeupe, nyekundu.

"Maskini Mjomba," Futi akasema, "ana stoo nzuri lakini inachanika." Kacha, kacha, kacha.

Katika visanduku vile kulikuwa na maikromita, vile vipimo vya unene wa chuma, mbili za ukubwa wa shafti ile. Moja ilikuwa nzima. Nyingine iliangushwa na mwanafunzi miezi miwili nyuma, taya zake zikapanuka kidogo sana, kiasi cha unywele uliopasuliwa. Ilisoma pungufu ya ukweli. Ilikuwa inasubiri kupelekwa kurekebishwa, na alama yake pekee ilikuwa uzi mwekundu.

Alhamisi asubuhi Mjomba alitoka kituoni moja kwa moja na begi lake, akakuta stoo inang'aa kama sahani ya mgeni. Kitu kilimgusa kifuani. Hakupata nafasi ya kukaa nacho, maana Futi alikuwa tayari dirishani, kibati mkononi.

"Mjomba, umerudi. Mama anaona?"

"Anaona mpaka deni," akajibu Mjomba, na wote wawili wakashangaa kwamba amefanya mzaha.

"Nipe maikromita. Leo ndiyo leo."

Akafungua sanduku lililokuwa karibu. Macho yake yakatafuta wekundu, yakakosa. Hakuna wekundu, hakuna ubovu. Akampa.

Sasa, kanuni ya karakana ilisema kipimo kikaguliwe kabla ya kazi. Kila sanduku lilikuwa na kijiti cha chuma cha kulinganishia. Unakipima, kipimo kikisema kweli unaendelea. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walifanya hivyo wiki ya kwanza, wakakuta kila chombo cha Mjomba kinasema kweli, na ya pili, na ya tatu. Kufikia mwaka wa tatu hakuna aliyekagua. Palikuwa hata na msemo: kipimo cha Mjomba ni kiapo. Hata Mwalimu Kanuni, aliyesimama pale na kanuni zake zote, hakufumbua mdomo.

Futi akakereza kwa saa moja na nusu. Bwana wa kiwanda, mtu mnene mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alisimama nyuma ya mstari wa njano na kuangalia mikono tu. Mwisho Futi akapima mahali saba, kila mahali pakasoma thelathini kamili. Akafuta mafuta, akachukua beringi, akaisukuma kwa kiganja.

Ikakataa.

Akageuza upande wa pili, ikakataa vilevile. Aliiweka shafti mezani kwa upole, kama anaweka mtoto aliyelala, na mikono ikarudi ubavuni.

"Basi," bwana wa kiwanda akasema bila ukali, akafungua kalamu.

Kule stoo Mjomba alikuwa amekaa hatimaye. Alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akainua macho kuifurahia stoo yake safi, na hapo akaona kwamba hapakuwa na uzi popote. Wala wa kijani, wala mweupe. Kimya kizima cha rangi. Akasimama, chai ikamwagika kwenye daftari la saini. Akafungua sanduku la pili, akapima kijiti: sawasawa. Hii ndiyo ilikuwa nzima. Basi ile nyingine iko kwa Futi.

Kutoka stoo mpaka kwenye meza ile palikuwa na hatua ishirini na sita. Mjomba alizijua kwa kuwa alifagia pale kila Ijumaa. Mwishoni mwake walikuwa wamesimama watu saba wenye elimu na mmoja mwenye kalamu wazi. Haya zikamwambia: kaa, utamwandikia Mama Mratibu kikaratasi kesho. Naye akaona kwamba kesho kalamu itakuwa imeshaandika.

Akaenda. Alivuka mstari wa njano bila ovaroli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akachukua maikromita ya Futi, akaiweka mezani kando ya ile nyingine na vijiti viwili. Alitumaini vitu vitasema.

"Nini hivi, mzee?" bwana wa kiwanda akauliza.

Vitu havikusema. Wote wanane wakamtazama. Jasho likamtoka mpaka nyuma ya masikio.

"Hii ni mbovu," akasema. Sauti ilikuwa yake ila ilitoka mbali. "Ilianguka. Inasoma pungufu, sehemu nne za mia. Nilifunga uzi mwekundu maana yake isitoke. Ila maana hiyo sikumwambia mtu. Nimempa mimi. Kosa ni langu."

"Hapana," Futi akadakia. "Nyuzi nimekata mimi." Akatoa mfukoni kijiti cha kiberiti kilichovimba rangi tatu, akakiweka mezani na chenyewe. "Halafu nilitakiwa kukagua, sikukagua."

"Kanuni ni kanuni," Mwalimu Kanuni akasema akiangalia viatu vyake. "Aliyetakiwa kumkumbusha ni mimi. Nilikuwepo."

Bwana wa kiwanda akawatazama mmoja mmoja. "Mimi nina miaka thelathini kiwandani," akasema, "na kule kosa ni yatima. Halijawahi kupata hata mzazi mmoja. Hapa lina watatu na wanaligombania."

Akachukua maikromita nzima, akakagua kijiti kwanza, huku akimtupia Futi jicho, kisha akapima shafti. Alipima mwanzo, kati, mwisho, akaizungusha akapima tena, mahali saba kama alivyofanya yeye. "Nne za mia zaidi," akasema. "Nne. Nne. Nne." Akaiweka shafti mezani. "Imekosea sawasawa kutoka kichwa mpaka mguu. Mafundi wangu wawili watatu hawawezi hata kupatia namna hii."

"Bwana," Futi akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya barazani, ya mwenye kibanda kwa mteja, "nguo ikiwa ndogo nakupa pole. Ikiwa kubwa, nakwambia kaa hapo, napunguza."

Yule bwana akafunika kalamu. "Dakika ishirini. Na ukague kipimo."

Alikagua mara mbili. Alikereza kwa kugusa tu, chuma kikitoka kama unga, na dakika ya kumi na tisa beringi ikateleza juu ya shafti kwa sauti ndogo, kama mtu anayekaa vizuri kwenye kiti. Mama Mratibu, aliyekuwa amesimama mlangoni wakati wote, alitoka nje akapiga chafya kwa muda mrefu. Wasichana walisema haikuwa chafya.

Jumatatu Futi akaripoti kiwandani. Aliporudi kumalizia mwaka wa mwisho alikuja na mabadiliko kidogo: miguu yake ilikanyaga chini kwa uthabiti zaidi, na alimjibu Mwalimu Kanuni kwa kanuni zake mwenyewe. Jumatano alasiri ilikuwa sasa yake kuiongoza. Kwenye ukuta wa stoo aliandika kwa herufi kubwa, Mjomba akimtajia maana moja moja kwa sauti: kijani, kipya; nyeupe, kimetiwa mafuta; nyekundu, hakitoki. Chini yake Mjomba akaongeza mwenyewe kwa mkono wake wa darasa la saba: KIPIMO CHA MJOMBA KIKAGULIWE.

Alimaliza chuo mwezi wa mvua za mwisho. Siku ya kuondoka alikuja dirishani na binti yake, mtoto wa miaka kumi na mmoja sasa, mwenye meno makubwa na maswali. Mjomba akaona futi kwanza, kama siku ile, ila leo ilikuwa shingoni kwa mtoto.

"Mama, ndiye huyu asiyeongea?"

"Alikuwa haongei. Msalimie."

Mtoto akasalimu. Futi akaweka vibati vyake vitano mezani, kimoja kimoja, na Mjomba akavihesabu ingawa alijua ni vitano. Cherehani akaiacha, alisema wanawake wa mwaka wa kwanza walikuwa tisa, na ovaroli zilizoletwa zilikuwa za makabati yaleyale. Mjomba akaegemea dirishani, jambo lisilo la kawaida yake, akavuta mkono wa mtoto taratibu na kuufunga kipande cha uzi wa kijani.

Mama yake akakitazama kile kipande, mkono ukaenda mfukoni kwenye mkasi kwa mazoea, ukasita, ukarudi mtupu.

"Mjomba," Futi akasema, "mwambie maana yake kwanza."